Kibao Kilichooshwa Mara Saba

Mama mkwe wangu, Bi Kuluthumu, hakuwahi kukatia kitunguu juu ya kitu chochote isipokuwa kiganja chake cha kushoto. Anakishika, kisu anakivuta kuelekea kidole gumba, vipande vinadondoka kwenye beseni, na yeye wakati huo anamweleza mtu wa pembeni habari za mtu wa tatu. Hata kuangalia haangalii. Wanawake wote wa kwetu hukata hivyo, na mimi mmojawapo, ila sisi tulikuwa tunakata. Yeye alikuwa ananyoa.

Mtaani kwetu, hapa Singida mjini, harusi ina utaratibu wake. Siku moja kabla ya karamu wanawake wanakusanyika uani tangu asubuhi, kila mmoja na kisu chake, na hakuna anayegusa kitunguu mpaka mkuu wa vitunguu akate cha kwanza. Kipande cha kwanza kinalazwa juu ya kanga aliyovaa, pale penye maandishi. Maandishi yakisomeka kupitia kipande, vigelegele, na kazi inaanza. Yasiposomeka, watu wanatazamana. Mwaka wa tisini na tatu Bi Kuluthumu alikuwa na miaka thelathini na moja katika cheo hicho, na mji wenyewe ndio huu ambao vitunguu vyake hupakiwa malori mpaka Dar es Salaam, kwa hiyo msidhani nazungumzia cheo cha mchezo.

Aliyekuwa anafuata kwa zamu ni Bi Rukaya, wifi yake, dada wa marehemu baba mkwe wangu. Bi Rukaya alikuwa anamzidi miaka miwili na alikuwa anangoja. Hakuwa na haraka wala makelele. Kila harusi alikuja na kisu chake kimenolewa, akakaa mkeka wa pili, akamtazama wifi yake vidole.

Na mimi naitwa Radhia. Niliolewa na Abdulazizi, mtoto wa tatu wa Bi Kuluthumu, nikitokea Mgori. Nasema mapema kwamba nilimpenda yule mama, ili msinifikirie vibaya kwa yatakayofuata. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu niliunguza pilau. Sikuunguza kidogo, niliunguza mpaka sufuria likabadilika rangi, na siku hiyo Bi Rukaya alikuwa mgeni wetu. Mama mkwe akajipakulia pale chini kabisa, palipokuwa makaa matupu, akatafuna, akamwambia wifi yake, "Mimi ndiye niliyemwagiza aache ukoko. Naupenda." Akala sahani nzima. Usiku huo tumbo lilimsumbua na hakusema kitu. Mtu akikufanyia hivyo humsahau.

Sasa, siku ya kwanza nilipoona damu kwenye kachumbari nilidhani ni nyanya. Abdulazizi pia alidhani ni nyanya, akaongeza. Kesho yake nikaona mama ana kitambaa kwenye kidole cha shahada.

"Mama, vipi hapo?"

"Mwiba."

Keshokutwa, kidole cha kati.

"Mwiba."

"Mama, huu mwiba gani unaokufuata mpaka jikoni?"

"Radhia," akasema, "umekuja nyumba hii kuolewa, au kuhesabu vidole vyangu?"

Nikaacha kuuliza, lakini macho nilikuwa nayo. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Alikuwa amevuka sabini, jicho moja lina utando, na kisu chake ni kile kile cha tangu ujana, chembamba na kikali. Kwa kawaida ningemwambia, mama pumzika, mimi nitakata. Lakini zilikuwa zimebaki wiki tano Abdillahi aoe, na Abdillahi ndiye kitinda mimba wake. Kila alipokaa na watu aliwaambia: "Nimekata vitunguu vya harusi za watoto wa watu mji mzima. Ya mwanangu wa mwisho akate mwingine? Labda niwe nimelala kaburini." Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu wa kwetu alikuwa anakwenda kuumbuka mbele ya wanawake mia na kisu mkononi.

Basi nikaenda sokoni.

Enzi zile ruksa ya kuuza na kununua chochote ilikuwa imeshakolea. Sisi tuliokua miaka ya foleni, tuliokuwa tukipata kipande cha sabuni tunakificha kwenye pipa la unga, tulikuwa tunakwenda sokoni kushangaa tu. Kulikuwa na chupa za chai zenye maua, saa za ukutani zenye ndege, mashati ya mitumba yenye majina ya watu tusiowajua. Kwenye kona kulikuwa na meza ya Anselm, mtu wa Njombe, aliyeleta vyombo vya jikoni kutoka Kariakoo. Alikuwa na vibao vya kukatia. Watu walikuwa wanavigeuzageuza wakidhani ni vifuniko vya mitungi.

"Dada Radhia, hiki cha plastiki sikuuzii," alisema Anselm, ambaye kwa mfanyabiashara alikuwa na tabia ya ajabu ya kukataa kuuza. "Kisu kinakula plastiki, halafu plastiki unaila wewe. Na hiki cha mbao laini, tazama." Akakibonyeza kwa ukucha, ukucha ukaacha alama. "Leo kitunguu, kesho samaki, keshokutwa chai yako inanuka vyote viwili. Chukua mwanzi."

Akakigonga kile cha mwanzi kwa kifundo cha kidole. Kikalia vizuri, mlio mkavu. Akanifundisha kufumba jicho moja na kutazama ukingo kama fundi anayetazama mbao, nione kama kimepinda. Akanipitishia ukucha kwenye maungio ya vipande, nisikie kama kuna mwanya. Akaniambia nikinuse: ukisikia gundi kali, rudisha. Alikuwa navyo vitano, na mimi nikavilaza vyote mezani kimoja kimoja nikivibonyeza pembeni. Viwili vilicheza, kimoja kilinuka gundi, kimoja kilikuwa chepesi mno. Watu wakaanza kukusanyika kutazama. Nilitumia muda mrefu kuliko niliotumia kumkubali Abdulazizi, na matokeo yalikuwa mazuri zaidi.

"Sasa sikiliza," Anselm akasema. "Ukimaliza kukata, kisuuze haraka, kifute, kisimamishe kikauke kwa hewa. Usikianike juani. Mara moja kwa wiki kipake mafuta ya alizeti, pasha moto kidogo, paka kwa kitambaa pande zote. Kikinuka, chumvi na limao. Na usikiloweke."

"Sawa."

"Usikiloweke."

"Kaka Anselm, umeshasema."

"Narudia, maana watu hukiloweka." Akakifunga kwenye gazeti, akakipigapiga kwa mapenzi. "Mwanzi huu dada, kwetu ndio maisha. Tunajengea, tunasukia, na ulanzi, pombe yetu, tunagema humo humo."

Hilo neno la mwisho lingebaki sokoni mambo yangekuwa mepesi. Lakini kwa mama mkwe wangu halikuwa geni.

Nilimkabidhi baada ya sala ya alasiri, tukiwa wawili. Nikamwambia, mama, zawadi. Akakifungua, akakigeuza, akakigonga kama Anselm alivyokigonga.

"Cha nini?"

"Cha kukatia vitunguu. Kitunguu kinakaa hapa, wewe unakata kwa juu, mkono unapumzika."

"Mkono wangu umekwambia umechoka?"

"Hapana mama, ni cha kisasa tu."

"Mti gani huu?"

"Mwanzi."

Akakiweka chini taratibu na kukisukuma kwa ncha ya kidole mpaka kikafika ukingo wa mkeka.

"Radhia. Mimi na marehemu baba yenu tulikaa Iringa miaka mitatu. Duka letu lilitazamana na shamba la mianzi. Niliona kwa macho yangu. Wanakata kichipukizi, wanafunga chombo chini yake, asubuhi chombo kimejaa pombe. Hawapiki wala hawachanganyi. Mti wenyewe unatoa pombe, kama ng'ombe anavyotoa maziwa! Wewe unaniletea huu nikatie chakula cha harusi ya mwanangu?"

"Mama, tende nazo watu hutengeneza pombe, na tunafuturia."

"Tende zimetajwa katika Kitabu. Mwanzi umetajwa wapi?"

Mimi sina subira, tangu nyumbani kwetu wananijua. Nikamwambia kama ni hivyo na ngazi aliyopandia fundi kuezeka nyumba hii ilikuwa ya mianzi, tubomoe paa. Akaniambia nikirudi Mgori nimsalimie mama yangu na nimuulize alinilea vipi. Kesho yake kweli nikaenda Mgori, maana kulikuwa na msiba wa mjomba, na hasira ilinisaidia kutembea mpaka stendi. Kibao nilikiacha dirishani. Nikajisemea, nikirudi nitakirudisha kwa Anselm, na yeye atasema nini sijui.

Nilirudi siku ya nne na kuku wawili mkononi. Katikati ya ua kulikuwa na beseni kubwa la kufulia limejaa maji, na ndani ya maji kuna jiwe, na chini ya jiwe kuna kibao.

"Mama! Kimefanya nini?"

"Nimekitoharisha," alisema Bi Kuluthumu akiwa kwenye kigoda. "Mara saba, moja kwa udongo."

"Mara saba na udongo ni kwa ajili ya mate ya mbwa!"

"Inayomtosha mbwa itautosha mwanzi. Halafu nikasema kama kuna pombe imebaki ndani, acha ikae majini, itoke. Siku tatu sasa. Na inatoka, Radhia. Inama unuse."

Niliinama nikanusa. Ukweli ni ukweli: kilikuwa kinanuka kama togwa la juzi. Kilikuwa kimechachuka. Nikakitoa majini. Kilikuwa kimepinda kama sahani, na ukikiweka chini kinabembea chenyewe.

"Umeona?" mama akasema, na sauti yake haikuwa ya ushindi hata kidogo, ingawa wakati ule sikulitambua hilo. "Haitoki yote. Na jogoo amekunywa yale maji ya kwanza. Mtazame."

Jogoo wetu alikuwa anapita karibu na ukuta akienda ubavu ubavu.

"Anayumba," mama akanong'ona. "Na jana amewika saa nane mchana."

Yule jogoo alikuwa chongo. Alienda ubavu tangu kifaranga, kwa sababu upande mmoja haoni, na kuwika aliwika saa yoyote aliyojisikia. Nikamweleza mama hayo yote. Akasema jogoo akilewa huwezi kujua alikuwaje kabla. Nikaona maji yamenifika shingoni. Nikamwambia tufuatane kwa Maalim Mselemu, atukatie shauri, akisema haramu nitakichoma mwenyewe.

Nilitegemea akatae. Alinyanyuka haraka kuliko mtu wa miaka sabini anavyonyanyuka, akakifunga kibao kwenye kanga, akakiweka kwapani.

Maalim Mselemu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwetu, mtu mrefu, mpole, mwenye mafua ya kudumu. Tulimkuta barazani, watoto wameshaondoka. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akatukaribisha mkekani. Bi Kuluthumu akafungua kanga na kueleza habari tangu Iringa mpaka jogoo. Maalim akakishika kibao, akakinusa. Akapenga, akanusa tena.

"Huyu jogoo," akauliza, "alikuwa anayumba kabla ya kibao?"

"Tangu kifaranga," nikasema.

"Basi shahidi amekataliwa." Akakiweka kibao mkekani, kikabembea mara mbili tatu mpaka kikatulia. "Bi Kuluthumu, umekiloweka siku ngapi?"

"Tatu, Maalim."

"Hata mimi ukiniloweka siku tatu nitanuka."

Nikacheka, na nilikuwa nacheka peke yangu. Maalim alikuwa anamtazama mama mkwe wangu.

"Ulanzi ni haramu, hilo halina mjadala," akaendelea. "Lakini mwanzi ni nyasi tu iliyorefuka, haina kosa. Na harufu hii ni ya maji yaliyolala. Mimi lakini kuna jambo moja sijaelewa. Mtu akiletewa kitu anachoamini ni haramu, hukitupa, au humrudishia aliyekileta. Wewe umekiosha mara saba. Umechota udongo. Umekingoja siku tatu, na sasa umekibeba kwapani mpaka kwangu. Bi Kuluthumu, unakitakia nini?"

Mama mkwe wangu aliangalia viatu vyake pale chini ya ngazi. Mkono wake wa kushoto akauingiza ndani ya kanga. Maalim akauona, na mimi nikauona. Vidole vilivyofungwa vitambaa vilikuwa vinne.

Nilitamani kujipiga. Siku zote zile nilidhani anakichukia kibao, kumbe alikuwa anakiombea kiwe halali. Nilitaka kulia, nikauma mdomo. Nikamwambia Maalim kwamba kibao ni changu mimi, nimekinunua kwa ajili yangu, mama alikuwa ananisaidia tu kukisafisha.

"Naam," akasema Maalim, akapenga kwa muda mrefu ili atupe nafasi. "Basi mwambie mwenye kibao akitumie. Ila asikiloweke."

Anselm alipokiona aliweka mikono miwili kichwani. "Nilisema mara mbili!" Nikamwambia aliyekiloweka hakuwepo. Akapumua, akanionyesha la kufanya. Tulikisugua kwa chumvi ya mawe na limao mpaka harufu ikapungua, tukakisuuza, tukakifuta. Halafu tukakilaza juu ya kitambaa chenye unyevu, mgongo juu, na juu yake nikaweka jiwe la kusagia, ndani ya nyumba, mbali na jua. Siku sita. Kila siku mama alikuja kutazama chini ya jiwe kama mtu anayetazama mayai yaliyoatamiwa. Siku ya saba kikakaa sawa, isipokuwa kona moja iliyobaki imeinuka kidogo, nayo tukaiwekea kitambaa chini. Tukapasha mafuta ya alizeti, ya Iguguno, yale mazito yenye rangi ya asali, tukapaka kwa pamba pande zote, na mwanzi ukayanywa mbele ya macho yetu. Tukapaka tena. Kikawa kinang'aa.

"Kinakunywa kuliko mimi ninavyokunywa chai," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kukisifu.

Zikabaki wiki tatu, na ikawa kazi ya kujifunza upya. Tulijifungia chumbani kwake kila siku baada ya chai. Nilimwonyesha jinsi ya kukata kitunguu nusu kwanza ili kikae kwa tumbo lake, na jinsi ya kukunja vidole ndani ili kisu kiguse vifundo badala ya ncha. Alinichukia.

"Kitunguu hakinisikii," alilalamika. "Kikiwa mkononi najua kinafikiria nini. Hapa nimekilaza kama maiti."

"Kunja vidole, mama."

"Wewe mwenyewe hujui."

"Sijui, lakini kunja."

Vipande vya kwanza vilikuwa vinene kama vya mtu anayelisha ng'ombe. Wiki ya pili vikaanza kusomeka herufi moja moja. Kila tulichokata ilibidi kiliwe, kwa sababu kumwaga kitunguu ni dhambi nyumbani kwetu kuliko mambo mengi, basi tukala kachumbari asubuhi, mchana na jioni. Abdulazizi akaniuliza kwa upole kama nina mimba. Bwana harusi mwenyewe, Abdillahi, akaomba tumuonee huruma, kwamba anakwenda kuoa na anataka mtoto wa watu aweze kumsogelea. Vitambaa vikapungua vidoleni, kimoja, kingine, mpaka vikaisha. Na kila Ijumaa, kabla ya kujipaka mafuta yeye mwenyewe, mama alikipaka kibao.

Siku ya vitunguu ikafika. Wanawake wakajaa ua mzima, masinia huku, magunia kule, makelele ya kutosha. Bi Kuluthumu akatoka chumbani na kanga mpya ya bluu yenye maandishi MLIONGOJA NIANGUKE KAENI KITAKO. Akakaa. Akaweka kibao mbele yake, akaweka kitambaa chini ya ile kona.

Bi Rukaya akanyoosha shingo kutoka mkeka wa pili.

"Wifi, siku hizi tunakatia juu ya gogo, kama bucha?"

"Huu ni mwanzi, wifi. Umeruhusiwa."

"Na nani?"

"Na Maalim Mselemu. Hicho kiganja chako unachopengea makamasi kimeruhusiwa na nani?"

Watu wakacheka, lakini ni kicheko cha kusubiri. Mimi nikalisogeza beseni karibu. Mama akakata kitunguu nusu, akakilaza, akakunja vidole, akasema bismillahi. Kisu kikapita. Akakinyanyua kipande kwa ncha ya kisu, akakilaza juu ya paja lake, juu ya neno la mwisho. Mwanamke wa karibu akainama.

"KITAKO," akasoma.

Vigelegele vikapanda mpaka kuku wakaruka ukuta. Nilipiga mpaka sauti ikakauka, na machozi yakanitoka, na bahati njema ua mzima ulikuwa unatoka machozi ya vitunguu.

"Haya," akasema Bi Rukaya vilipotulia. Alikuwa amesimama. "Kibao kimekata. Sasa na mkono ukate, ule wa zamani, watu walinganishe."

Hakuna aliyeweza kumkatalia, mtu mzima yule. Akaja akakaa mkeka wa kwanza, uso kwa uso na wifi yake. Akashika kitunguu kiganjani, akavuta kisu. Nilikuwa karibu, nimeshika beseni, ndiyo maana nikaona. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Na kidole chake cha mwisho, kile ambacho siku zote alikificha kwenye mkunjo wa kanga, kilikuwa na kitambaa.

Kipande kilitoka. Kilikuwa chembamba, siwezi kusema uongo. Akakilaza pajani mwa mama mkwe wangu, pembeni ya kile cha kwanza. Vitunguu vyetu ni vyekundu pembeni na vyeupe katikati, kila mtu anajua. Hiki katikati kilikuwa kinaanza kuwa chekundu, polepole, wekundu unatembea. Bi Rukaya akauona. Uso wake ukaanguka kwa namna ambayo sitaki kuiona tena kwa mtu mzima. Wanawake walikuwa wanainama wasome.

Bi Kuluthumu akakidaka kile kipande kwa vidole viwili, akakitia mdomoni. Akatafuna, akameza.

"Chembamba," akautangazia ua. "Chembamba kuliko changu. Nimekila kwa wivu."

Ua ukalipuka kwa kicheko na vigelegele vya pili, vikubwa kuliko vya kwanza. Bi Rukaya hakucheka. Alikuwa anamtazama wifi yake, na kisu kimemlegea mkononi. Mama mkwe wangu akageuza kibao, upande mrefu ukawa katikati yao.

"Sogea, wifi," akasema kwa sauti ya chini. "Ni kipana hiki. Wewe kaa na upande huo. Kunja vidole hivi. Hapana, hivi. Radhia alinifundisha, na yeye mwenyewe hajui."

Wakakata gunia zima wakiwa wawili juu ya kibao kimoja, wakigombana tangu mwanzo mpaka mwisho.

Jioni, masufuria yalipokwisha kufunikwa, nilimkuta mama nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji. Alikuwa anasukutua. Nikasimama kwenye kona nikahesabu. Mara moja, mara mbili, mara tano, mara sita. Kabla ya ya saba aliinama akachota udongo kidogo kiganjani, akautazama, akaukung'uta chini, akasukutua kwa maji matupu.

"Mama," nikasema, "mbona ya saba haina udongo?"

Alishtuka, kisha akajifuta mdomo kwa kanga.

"Yule ni wifi yangu," akasema. "Si mbwa."

Nikatazama dirishani, mahali kibao kinaposimama kukauka. Hakikuwepo. Nikamuuliza kiko wapi.

"Kwa Rukaya. Ana vitunguu vya nyumbani kwake." Akapita mbele yangu kuelekea ndani, halafu akasimama mlangoni. "Nimemwambia asikiloweke."